Hakuna Anayepima Baada ya Kipimo

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliitwa Kipimo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na waendesha pikipiki kwa jinsi alivyopima oili. Mafundi wengine humimina kwa kukisia, wakafunga kifuniko na kukuambia nenda. Yeye alikuwa na taratibu zake, na ole wako umharakishe. Pikipiki isimame wima juu ya stendi ya katikati, mahali pa tambarare, kwa sababu ikiegemea stendi ya pembeni oili hukimbilia upande mmoja na kijiti cha kupimia kikasema uongo. Injini iungurume dakika tatu, izimwe, ipumzike dakika tatu nyingine. Hapo ndipo alipochomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha bila kukikaza, akakichomoa tena na kusoma. Oili ilitakiwa iwe kati ya mistari miwili, karibu na ule wa juu. Ikizidi kidogo tu, aliipunguza.

Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba mke wake hujifungua kwa muda mfupi kuliko huo. Kipimo akamjibu kwamba mtoto akizaliwa ana oili pungufu, asimletee yeye.

Basi kwenye kibanda chake cha ufundi kukawa na sheria ambayo haikuandikwa popote: hakuna anayepima baada ya Kipimo. Ukichomoa kijiti baada yake, umemtukana, tena mbele ya watu.

Mimi nauza vipuri na oili, na dirisha la duka langu linatazamana na kibanda chake. Nilikuwa wa kwanza kujua. Siku moja aliniita nikamsomee kijiti, akidai jua limempiga machoni. Nikatazama juu, nikaona wingu zito, nikacheka. Yeye hakucheka. Oili kuukuu ni nyeusi, hata mwenye macho mabovu ataiona, lakini oili mpya huwa angavu, karibu kama maji, na kwenye kijiti lazima uikodolee. Sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Alinisihi nisimwambie mtu, hasa mdogo wake.

Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Nilipeleka chupa mwenyewe, nikasimama karibu naye akimimina na kupima, na oili ilipofika mstari wa juu nikasema "basi." Wateja walinitania kwamba naililia oili kwa kuwa ni ya duka langu. Niliwaacha wacheke, ingekuwa heri kama hilo ndilo lingekuwa kosa langu. Nilipokuwa na kazi nyingi alipima kwa kidole gumba, akakipitisha kwenye kijiti na kuhisi pale unyevu ulipoishia. Na alipatia, siwezi kumsingizia.

Kisha zikaja mvua za mwaka jana. Nilimkuta ameshika bomba la moshi la pikipiki iliyozimwa punde tu, anazungumza, na ngozi ya vidole inaungua. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Yeye alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kumbe sukari ilikuwa imepita machoni na kufika vidoleni. Hapo nilijua wazi kwamba siku nisipokuwepo, mtu ataondoka na injini kavu na ataumia barabarani. Nilijua, nikafunga kinywa. Kipimo alikuwa amemlea mume wangu tangu walipofiwa na wazazi, amemsomesha kwa mikono hiyo hiyo, amezika mke wake mwenyewe na sasa analala chumba chetu cha nyuma. Nje ya kile kibanda hakuwa na kitu. Ningemwambiaje kwamba amekwisha? Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, ila hawakusema kilio chenyewe kitaangukia nyumba ya nani.

Kiliangukia yangu. Jumanne moja nilikwenda kuchukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla, na asubuhi hiyo hiyo mume wangu, aliyekuwa akisambaza mikate kwa pikipiki ya mwenye kiwanda, alipita kwa kaka yake kubadilisha oili. Kipimo alimwaga oili kuukuu, akarudisha nati ya chini, kisha akaitwa pembeni na mteja aliyelalamikia mnyororo. Aliporudi, mguu wake uligusa chupa tupu ya pikipiki iliyotangulia, akaamini ameshamimina. Akapima kwa kidole gumba. Kidole kikamwambia imejaa.

Mume wangu aliondoka na kreti mbili za mikate. Kwenye mteremko mrefu injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, gurudumu la nyuma likafungika ghafla, akaanguka mbele ya lori. Madaktari walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Mwenye kiwanda aliifungua injini, akaikuta kavu, akatangaza kwamba dereva wake ni mzembe na hamtaki tena. Pale kibandani wakaunga mkono. Kipimo hakosei, walisema, kwa hiyo aliyekosea ni huyo mdogo wake, labda oili aliitoa akaiuza. Maneno hayo Kipimo aliyasikia akiwa amekaa kwenye kigoda chake na spana mkononi, hakufungua mdomo. Nilimchukia. Siku nne nilimwekea chakula kwa kishindo na kuondoka bila kumkaribisha. Jina la mume wangu lilikuwa linaliwa, na mtu mmoja tu ndiye angeweza kulitoa mdomoni mwa watu. Kwamba na mimi ningeweza, hilo sikutaka kulifikiria.

Siku ya tano aliniomba nimpeleke hospitali. Nikamshika mkono mchana kweupe, tukapita mbele ya kibanda, watu wote wakaona kwamba anaongozwa. Hakuujali mtaa hata kidogo.

Mume wangu alikuwa amelala kitanda cha dirishani. Kipimo alipapasa hadi akapata kiti, akakaa, akanyoosha mkono ili amshike mguu, kama alivyozoea kumfanyia alipokuwa mtoto mgonjwa. Mkono ukashuka juu ya blanketi mahali pasipo na kitu, ukabaki hapo. Alikuwa ameambiwa habari ya mguu, lakini nadhani alikuwa hajauona mpaka dakika ile.

"Mdogo wangu," alisema, "oili sikuweka. Macho yangu yamekufa siku nyingi, na vidole pia. Wewe huna kosa. Nitawaambia wote."

Mume wangu alitazama dari.

"Nilijua, kaka."

Kisha akaeleza, taratibu, akipumzika kati ya maneno. Kaka alipokwenda kunawa mikono, yeye, ambaye hakuona chupa mpya ikifunguliwa, alichomoa kijiti kwa kificho, akiwapa mgongo waliokuwa benchini. Oili ilikuwa imegusa ncha tu. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanne, wote wateja wa kaka yake, wakisubiri zamu zao, na wangesikia kila neno. Akakirudisha. Alidhani mabaki yale yangemfikisha kituo cha mafuta kilicho chini ya mteremko, anunue oili, aijaze mwenyewe, na kaka asijue kamwe.

"Ungeniambia," Kipimo alisema.

"Mbele ya watu, kaka? Ningekuambiaje?"

Kipimo alianza kulia. Mimi nilisimama mwisho wa kitanda, nimeshika chuma chake kwa mikono miwili. Nilimhurumia, nikamwonea hasira mume wangu kwa heshima yake ya kijinga, na wakati wote huo nilijua swali linalokuja.

"Na wewe, mama watoto," mume wangu akasema. "Unashinda naye pale kila siku. Hukuona?"

Ningekana, angeniamini. Hajawahi kunishuku kwa lolote.

"Niliona," nikasema. "Macho nilijua mapema, vidole tangu mvua za mwaka jana."

Hakupaza sauti.

"Toka nje," akasema. "Niache na kaka yangu."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido. Mlango haukufungwa vizuri, na nilimsikia akimbembeleza kaka yake anyamaze, akimwambia hajafanya kosa lolote.