Kura Elfu Arobaini za Mgeni Wetu

Sipendi kuongea juu ya siku ile, lakini hapa kwetu Kola kila mtu anaijua, na kila nikipita sokoni kuna mtu ananiita lile jina, kwa hivyo afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko msikie kwa watu wa kuongeza chumvi, maana chumvi niliiweka mimi mwenyewe na ikazidi.

Mnakumbuka wakati ule nilikuwa nawania kiti cha mwakilishi wadi. Picha yangu ilikuwa kwenye kila mlingoti kutoka Machakos mjini hadi kwetu (nimevaa tai, nimekunja mikono kifuani, natazama mbali kama mtu anayeona maendeleo yakija). Kazi yangu ni kuendesha sherehe, harusi na mazishi, mdomo niko nao. Basi akina mama wetu wa mwethya, wale wanaokutana kufanya kazi ya pamoja, walipopata mgeni wa kuja kuona bwawa lao la mchanga, wakaniomba nimkaribishe na nimtafsirie, na mimi nikaona kiti ndicho hicho kimejileta, wadi nzima imekaa mahali pamoja inaniangalia.

Mgeni alikuwa mbunge, mama wa makamo, kutoka nchi moja ya visiwa vidogo huko Bahari ya Pasifiki (jina la nchi nilikuwa nimelifanyia mazoezi na bado nikalitamka vibaya). Kwao hakuna mito, wanakunywa maji ya mvua, ndiyo maana alitaka kuona vile sisi tunajenga ukuta wa mawe mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki ndani ya mchanga hadi kiangazi. Mwenyeji wake, yule aliyemleta kwetu, alinipa maneno machache tu: amekuwa mbunge miaka mingi, aliwahi kuwa waziri, akaanguka uchaguzi mmoja, akarudi.

"Sema hivyo, inatosha," akaniambia.

Sasa mimi nikashika maikrofoni, nikaona ule umati, nikajiuliza, hivi mbunge mzima nitamkaribisha kwa maneno ya mtu wa kuuza sabuni? Hapa kwetu mheshimiwa asiyetajiwa kura zake ni kama hana. Nikasema mama huyu ameongoza chama chake bila kutetereka, wapinzani wamemtafutia dawa wakakosa, na uchaguzi uliopita alizoa kura elfu arobaini. Makofi yakapigwa. Nikanogewa, nikaongeza kwamba siri ya ushindi kama huo nitawaeleza siku ya kampeni zangu.

Kumbe mwenyekiti wa kikundi, Mwalimu Ndunge, alikuwa amekaa karibu na mgeni akimnong'onezea kila neno kwa Kiingereza. Mgeni akacheka, akasimama, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba nchini mwao hakuna vyama, kila mtu anasimama peke yake, na ukikusanya taifa lao lote, pamoja na nguruwe, hufikishi elfu arobaini.

Watu wakanigeukia niwatafsirie. Hapo ningekubali yaishe. Lakini nikasema, "Mheshimiwa anasema asanteni sana, na kura bado zinaongezeka."

Makofi tena, na mgeni wa watu anawatazama, haelewi wanashangilia nini.

"Mutinda," Mwalimu Ndunge akasema bila kuinua sauti, "Kiingereza nilikufundisha mimi, darasa la tano. Tafsiri."

Nikatafsiri. Walicheka, wacha tu, kuna mzee alicheka hadi akashikiliwa. Kama ingeishia hapo ningesamehe dunia, lakini mgeni hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na hadithi, na mtafsiri ni mimi, na safari hii sikuacha hata nukta.

Akasema ule uchaguzi mmoja aliyoanguka, alianguka kwa kura tatu. Na kisiwani kwao mnajuana, kwa hivyo alijua ni nani hao watatu waliomwacha, akaenda kwao akawauliza nimewakosea nini. Wakamwambia mwaka ule tulipokuwa tunajenga tangi la maji upya, wewe ulikuwa mji mkuu kwa mikutano. Picha yako ilifika, mikono yako haikufika. Basi miaka aliyokaa nje ya bunge akaitumia kukoroga simiti na kusugua matangi, na ndivyo alivyorudi.

Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Kisha mgeni akanigeukia mimi akitabasamu (Mwalimu alikuwa amemwambia nawania kiti, na nafikiri alitaka tu kunipa heshima), akauliza, "Na wewe ndugu yangu, kwenye ukuta huu mawe yako ni yapi?"

Ukuta ule ulijengwa kiangazi kizima. Kila asubuhi ya mwethya mimi nilikuwa na shughuli, mara kupigwa picha, mara kubandika picha. Aliyekuwa anaenda ni mke wangu Mwende, akibeba zamu yake akirudi akibeba yangu. Na alikuwa amekaa pale mbele, anaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipoumia kweli, kuliko kwa kicheko chote.

"Tafsiri," Mwalimu akasema.

"Anauliza mawe yangu ni yapi."

Nyuma kabisa nyanya mmoja akasema, "Mwambie hakuna."

Nikamwambia mgeni hakuna.

Uchaguzi sikuanguka, kwa maana sikufika huko, picha nilizibandua mwenyewe mlingoti kwa mlingoti. Na nimeapa, mgeni akija hata awe mfalme, nitataja jina lake nikae chini.

Walipoanza ukuta wa pili nilitangulia mtoni kabla ya Mwende. Nikachagua jiwe la kuonekana, nikalibeba begani, nikaliweka mahali nilipoonyeshwa, nikasimama nikipangusa mikono, nikingoja kitu, sijui nini.

Mwalimu Ndunge akalitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Hilo ni moja, Elfu Arobaini," akasema. "Leta lingine."