Wageni wa Kana Wamekwama Mlangoni

Saa kumi na moja jioni. Nje giza limeingia tangu saa tisa na nusu, na theluji iliyoanguka mchana Päivi Ojaluoma ameshaizoa kwenye ngazi zote za kanisa la kijiji cha Isoneva, kaskazini ya mbali. Sasa amesimama katikati ya ukumbi wa usharika, penseli sikioni, akikodolea macho jukwaa. Tapio, mpiga kinanda, anapiga utangulizi wa wimbo wa kwanza kwa mkono mmoja. Utangulizi unakwisha. Jukwaani hakuna mtu.

"Rudia," anasema Päivi.

Tapio anarudia. Bado hakuna mtu. Kwenye mlango mdogo wa kupandia jukwaani wanaonekana wanawake kumi na wanne waliotakiwa kuingia kwa shangwe kama wageni wa arusi ya Kana. Wanasukumana.

"Tangulia wewe, Sirkka."

"Kwa nini mimi? Mimi si wa hapa."

"Umeolewa hapa miaka arobaini na mmoja."

"Ndiyo maana nikasema. Wa kuja hawatangulii wenyeji."

"Basi Tuula."

"Mimi nafuma kisigino cha soksi. Nikitembea nitapoteza hesabu."

Päivi anafumba macho. Haya ni mazoezi ya tisa, na imebaki wiki moja na siku nne.

Mama huyu wa miaka hamsini na minne hajawahi kuongoza igizo la nyimbo wala la aina nyingine. Kazi yake ni kutunza kanisa: kugonga kengele, kuwasha joto, kuandaa meza ya Bwana, kuchimba makaburi kwa mashine na, kuanzia Oktoba hadi Aprili, kupigana na barafu. Kwa hayo analipwa euro elfu mbili na mia tatu hivi kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa kuongoza igizo analipwa kahawa, ambayo anaipika mwenyewe.

"Nilipokuwa na miaka saba niliigiza kondoo," anasema. "Nililia, wakanitoa. Huo ndio ujuzi wangu wote."

Aliyepaswa kuongoza ni Tapio. Lakini asubuhi moja ya Oktoba Tapio aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika mkono wa kushoto. Ngazi hizo zilikuwa na barafu na hazijamwagiwa mchanga wa kuzuia kuteleza, na kila mtu Isoneva anajua mchanga ni kazi ya nani.

"Hakunilaumu hata kidogo," anasema Päivi. "Angenilaumu tungegombana, yakaisha. Aliniangalia tu, halafu wale kinamama wakaniangalia. Sirkka akasema, 'Na funguo za ukumbi si unazo wewe?' Nikawa mwongozaji. Hivyo tu."

Mchungaji, alipoombwa msaada, alimwambia itakuwa baraka. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Kikundi cha kinamama cha usharika huu hukutana kila Jumatano kufuma soksi kwa ajili ya misheni, na kufuma hawaachi kwa sababu yoyote. Päivi aliwaomba waweke sindano chini wakati wa kuimba. Waliitikia vizuri sana, kisha wakaendelea kufuma. Alipomtaka Tuula aeleze, Tuula, mkulima mstaafu wa miaka sabini na mbili, alimjibu bila kuinua macho: "Mikono ikikaa bure, sauti inatoka ya uvivu." Hilo Päivi ameshalisamehe. Wageni wa Kana watafuma soksi.

Lakini la mlangoni limemtoa jasho. Watu wa Isoneva hawapendi kuonekana mbele. Hata kahawa ikishamiminwa na maandazi ya mdalasini yakiwa bado ya moto, mwenyeji atakaribisha mara moja, mara mbili, mara tatu, na wageni watabaki wanatazama soksi zao. Kila Jumatano kahawa ya saa kumi na mbili hungoja hadi bibi mkubwa wa kikundi, Hellevi Kuusiniemi, ainuke na fimbo yake. Yeye akishika kikombe, wengine wote wapo nyuma yake.

"Nimejaribu kila kitu," anasema Päivi. "Nimewapanga kwa urefu. Nimewapanga kwa umri. Nimeandika namba kwenye karatasi, nikawagawia. Mwenye namba moja akabadilishana na wa kumi na nne. Nimewapandishia sauti, halafu usiku nikaona aibu, nikawapikia keki. Wameila keki. Mlangoni hawajatoka."

Kwa nini basi asiache? Swali hili linamkera. Anavua kofia ya sufu, anaivaa tena.

"Sababu imekaa pale," anasema, akionyesha kwa kidevu.

Mbele kabisa ya ukumbi, kwenye kiti kimoja chenye mto na mikono ya mbao, ameketi huyo Hellevi. Ana miaka themanini na minane. Nyimbo zote sita za igizo hili ni zake. Alizitunga akiwa msichana wa kazi zizini, akikamua ng'ombe alfajiri, akaziandika kwenye daftari la hesabu ya maziwa. Alipozipeleka kanisani, mpiga kinanda wa enzi hizo alimrudishia daftari akisema hizo ni nyimbo za zizini. Hellevi alilifungia kabatini miaka sitini na mmoja. Hakuna aliyewahi kuziimba, hata yeye kwa sauti.

Sasa masikio yake yanamwacha. La kushoto limekwisha, na daktari amesema la kulia litafika labda hadi theluji itakapoyeyuka.

"Mwaka jana alinipa lile daftari niliweke kwenye ghala la kumbukumbu," anasema Päivi. "Mimi nikafungua mdomo wangu huu. Nikamwambia, 'Hellevi, hizi utazisikia kabla hatujaziweka popote.' Hakuna aliyeniomba niahidi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Ndiyo maana akamwekea kiti cha heshima. Amekibeba mwenyewe kutoka sakristia, akapima hatua nne kutoka jukwaani, akapiga alama kwa chaki ili kisisogezwe. Katika kila mazoezi mwishowe huwavuta waimbaji jukwaani mmoja mmoja, na kila baada ya wimbo humgeukia Hellevi na kuuliza kwa sauti kubwa, "Umesikia?" Na Hellevi, mtu wa Isoneva, hujibu kwamba ni vizuri sana, asante.

Saa kumi na mbili kasorobo Tapio anapiga utangulizi kwa mara ya sita. Mlangoni wanawake wanasukumana kwa adabu. Päivi anatupa penseli.

"Jamani, nyie ni watu wa namna gani?" anasema. "Mmealikwa arusini. Bwana harusi anawangoja, Yesu mwenyewe yuko mezani, na nyie mnaulizana nani atangulie? Divai isingeisha Kana kama wageni wangekuwa nyie. Isingefunguliwa hata chupa."

"Ilikuwa mitungi," anasema Sirkka kutoka mlangoni.

"Sirkka, usinianze."

Wakati wanabishana hivyo, Hellevi ameinua kichwa. Maneno hayajamfikia. Anachokiona ni wenzake wamesongamana upande ule ambako mlango wa jukwaa na mlango wa jikoni imepakana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake apite. Miaka mingi ameliona songamano hilo na analijua maana yake: kahawa iko tayari, na watu wanamngoja yeye. Si tabia yake kuwachelewesha watu.

Anashika fimbo, anainuka.

"Hellevi, kaa, bado," anasema Päivi. Hellevi hasikii. Anakatiza ukumbi taratibu, anawapita wanawake wanaompisha, na kwa kuwa mlango wa jikoni umezibwa na mgongo mpana wa Tuula, anapitia ulio wazi. Anatokea jukwaani.

Na wote kumi na wanne wanamfuata. Bila namba, bila karatasi, kama wanavyofuata kila Jumatano. Tapio ana akili ya haraka kuliko mkono wake, anashika noti ya kwanza. Nao, kwa kuwa wameshafika, wanaimba.

Päivi amefungua mdomo kusimamisha. Hajasimamisha. Hellevi anageuka huku na huku akitafuta vikombe, kisha anatulia. Kuliani kwake, karibu kabisa na sikio, yupo Sirkka na sauti yake nene. Nyuma yake wapo wengine, mabega yamegusana, mbao za jukwaa zinatetemeka chini ya soli za viatu vyake. Hellevi anaweka fimbo kwapani. Mikono yake miwili inaanza kwenda juu na chini, mmoja baada ya mwingine, mikono ya mkamuaji, na inakwenda sawa na wimbo.

Wimbo unakwisha. Safari hii Päivi hapazi sauti. Anapanda jukwaani, anainamia lile sikio la kulia.

"Umesikia?"

"Leo nimesikia," anasema Hellevi. "Kule kitini nilikuwa naona midomo tu."

"Wiki tano hizi, mbona hukuniambia?"

"Ulikihangaikia sana kile kiti, mwanangu."

Päivi anakwenda jikoni kuwasha mashine ya kahawa, na anakaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Anaporudi, macho ni mekundu na hasira zimerudi mahali pake. Anamwambia Tuula kwamba ameimba vibaya kwa sababu ya soksi. Tuula anamwonyesha kisigino, kimekwisha.

Igizo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa nane mchana. Mpango umebadilika: mgeni wa kwanza kuingia arusini ni Hellevi, naye atasimama katikati ya waimbaji hadi wimbo wa sita. Sirkka ameuliza itakuwaje bibi akichoka.

"Mko kumi na wanne. Mtamshika," amejibu Päivi.

Kuhusu kuongoza tena mwakani, anasema heri makaburi. Kwa sasa ana wasiwasi na jambo moja tu, kwamba Jumapili atatokea mtu mwenye heshima zake amwone bibi wa miaka themanini na minane amesimama, amkimbizie kiti.

"Hatakipata," anasema. "Nimekifungia stoo, na funguo ninazo mimi."