Mashavu Mekundu ya Kwenye Katuni

Juzi, katika duka la vitabu mtaani Agincourt, huku ughaibuni, niliiona tena ile katuni ya Kijapani ya mapenzi, nikaigeuza jalada lake chini.

Utotoni dada Rehema alinisomea katuni hiyo chumbani kwetu mtaani Crescent Town, kwenye zulia lililonuka unyevu na vitunguu vya jirani. Kijana alimvuta msichana kwa nguvu, mashavu ya msichana yakawa mekundu. Nilidhani ana homa.

“Mbona anamuumiza?”

“Wewe mtoto, hujui. Ndivyo anavyompenda.”

Alipofunua ukurasa, niliona mkononi mwa dada alama za vidole vilivyombana. Akatabasamu, akasema ni za mpenzi wake. Nilimwonea wivu. Mama alipouliza jioni kuhusu alama zile, nilimjibu kwa Kiingereza, lugha ya shuleni, kwamba dada alianguka. Uongo ule bado unanitia kinyaa.