Nilisema Ni Virusi

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mdomo wangu huu ndio uliomfungia mtoto wa watu mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nasimamia saiba, duka la intaneti, pale Kangundo, kompyuta nne tu. Wengi hawakujua barua pepe, kwa hivyo mimi ndiye niliyewafungulia akaunti, pasiwadi zao nikaandika kwenye daftari, na barua ikija namsomea mwenyewe. Waliniita Injinia. Wee, jina hilo lilinilevya!

Msichana mmoja, nimwite Nduku ingawa si jina lake halisi, alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo bila kulipa chochote. Siku ya soko akaja na mamake, jibu limefika. Barua yenyewe ilikuwa mstari mmoja: soma faili niliyoambatisha. Faili inaitwa winmail.dat. Nikabofya, haifunguki. Nikailazimisha, zikatoka alama za ovyo ovyo skrini nzima.

"Ni nini hiyo, Injinia?" mamake akauliza. Waliokuwa kwenye foleni wakanyoosha shingo.

Ningesema sijui, ningekufa? Nikasema, "Hii ni virusi, mama. Tukiiacha itaua mashine zote." Nikaifuta mbele yao. Na wakanishukuru, jamani!

Miezi ikapita. Siku moja akaingia fundi wa kompyuta wa kiwanda kimoja cha Athi River, nikamwonyesha faili nyingine kama ile. Akacheka.

"Virusi gani? Programu ya huyo aliyetuma inafunga barua kwa namna ambayo yenu haisomi. Mwandikie atume tena kwa maandishi ya kawaida."

Basi! Ni hayo tu!

Nikalitafuta daftari la pasiwadi, nikafungua akaunti ya Nduku. Barua ilikuwa inangoja: kwa kuwa hukuthibitisha kama tulivyokuomba kwenye faili ile, nafasi yako amepewa mwingine. Aiya! Nililia kama mtoto. Halafu, Mungu anisamehe, hiyo nayo nikaifuta.

Nduku sasa anauza nyanya hapa sokoni. Nikipita ananiita kwa furaha, "Injinia! Wewe angalau ulinijaribia." Ananifungia nyanya za bure, na hakubali nikatae. Nikifika nazo nyumbani hazipiti kooni.

Wewe unayetegemewa na watu, ukikwama sema umekwama. Kuuliza si ujinga! Aibu ya siku moja ingeisha siku hiyo hiyo. Yangu naibeba hadi leo.

Jumamosi iliyopita alinifungia tena. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikasema asante.