Tuta la Mbegu

Watu wa kijijini kwetu Nandagala, wilayani Ruangwa, walicheka niliposema nitapanda njegere. Wao wamezoea mbaazi, ambazo hazihitaji kubembelezwa, na njegere kwao ni kitu cha kwenye wali wa harusi za mjini. Mama mmoja jirani, akipita na ndoo kwenda kisimani, alisimama pembeni ya bustani.

"Bwana shamba! Hizo zinataka baridi ya milimani. Hapa utavuna majani ya mbuzi."

"Mama, subiri mwezi wa saba," nikamjibu. "Mimi hili nimelisomea."

Nimelisomea kweli, na hakuna mtu aliyenisomesha. Alfajiri nilibeba viroba sokoni Morogoro, kisha nikaingia darasani nikiwa bado na unga masikioni. Stashahada yangu ya kilimo niliipata kwa mgongo wangu mwenyewe. Niliporudi nyumbani sikushuka kwenye basi mikono mitupu kama wengine. Nilirudi na bati za nyumba, na nikarudi na nusu kilo ya mbegu za njegere kutoka kwa mkulima mmoja wa milima ya Mgeta, nimezifungia kwenye chupa kavu.

Bustani yenyewe iko bondeni, nyuma ya nyumba ya dada yangu mkubwa. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ardhi ni ya ukoo, na kwetu ardhi ya ukoo husimamiwa na mjomba. Mjomba wetu anakaa Chinongwe. Yeye ndiye aliyenionyesha bonde lile, akasema nilime mpaka hapo atakaposema vingine.

Nilipanda mvua zilipokatika, ili mimea ikue kwenye ubaridi wa Juni. Niliinua matuta sita, nikasimika fito za mianzi mimea ishikilie, nikamwagilia asubuhi peke yake ili majani yasilale na maji yakashika ukungu. Nusu kilo yote iliingia ardhini, sikubakiza hata punje. Zilipotoa maua meupe, wale waliocheka walianza kupita bondeni bila ndoo. Walikuja kutazama.

Dada nilimfundisha kuchuma. Shina unalishika kwa mkono mmoja, ganda unalichuma kwa mwingine, maana ukivuta kwa mkono mmoja unaondoka na mmea mzima. Alijifunza mara moja. Siku ya kwanza tulikula nyingine mbichi palepale, nikapiga picha ya beseni lililojaa nikaituma kwenye kundi la ukoo.

"Mjomba ameshaonja?" dada akauliza.

"Atapata zikiwa nyingi."

Desturi naijua. Cha kwanza kutoka shambani hupelekwa kwa mjomba aliyekuonyesha ardhi, na wewe unakula baada yake. Lakini mimi nilikuwa nawaza mbali kuliko beseni moja.

Nilikuwa nawaza tuta la sita, lililo karibu na maji, lenye mimea iliyobeba kuliko yote. Lile sikutaka lichumwe. Nilitaka maganda yakaukie juu ya mmea mpaka yalie ukiyatikisa. Mbegu za Mgeta zilikuwa za Mgeta. Hizi zilizovumilia jua la Ruangwa zingekuwa zangu, njegere za kwanza za hapa kwetu, na kila mtu ambaye angezipanda baadaye angejua zimetoka kwa nani. Nilimwambia dada mara tatu, "Chuma popote, tuta lile usiguse." Mara zote tatu aliitikia kwa kichwa.

Kisha nikaenda Nachingwea siku nne, kufundisha wakulima kupulizia mikorosho dawa.

Niliporudi nilipitia bondeni kabla ya kuingia ndani. Tuta la sita lilikuwa limesimama vilevile, fito wima, majani mazima, ila halikuwa na ganda hata moja. Si mbuzi, wala si nyani. Hakuna mmea uliong'oka. Zilichumwa kwa mikono miwili, kama nilivyofundisha mimi.

Dada alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nani amechuma tuta la mbegu?"

"Mimi." Hakuinua macho. "Nimezipeleka kwa mjomba."

"Zote?"

"Alinipigia. Picha yako ameiona. Akasema, anakula kabla yangu kwenye ardhi niliyomwonyesha mimi? Basi bonde atapewa mtoto wa mama yenu mdogo wa Mkotokuyana, ameliomba siku nyingi."

"Kulikuwa na matuta matano mengine, dada."

"Umeyamaliza kwa kugawa ili usifiwe. Ningempelekea mjomba konzi moja?"

"Simu yangu ilikuwa hewani. Kwa nini hukunipigia?"

"Ungekataa," alisema, akapuliza pumba.

Asubuhi nilichukua bodaboda mpaka Chinongwe. Njegere iliyokaribia kukomaa, ukiianika vizuri, nyingine huota. Nilitaka kurudi hata na kikombe kimoja.

Nilimkuta mjomba mkekani na wajukuu na majirani wawili, sufuria katikati. Walikuwa wamezichemsha na maganda yake, kwa chumvi, kama tunavyochemsha mbaazi mbichi, na kila mmoja alikuwa anavuta punje kwa meno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Kaa. Hizi mbaazi zako ganda lake kama kamba ya katani, lakini ndani sukari tupu."

Wajukuu wakacheka. Nikauliza kama zimebaki ambazo hazijapikwa.

"Zibaki wapi? Jana tumekula, leo tunamalizia. Nimewaita hawa nikawaambia, mpwa wangu msomi hakunisahau. Dada yako kanieleza yote. Kasema ulimwagiza mara tatu kabla hujaenda Nachingwea, tuta lile lililo karibu na maji usiguse, ni la mjomba." Akanitazama. "Kweli au si kweli?"

Maneno yalikuwa yangu. Aliyachukua kama alivyochukua maganda, akaongeza matatu ya kwake mwishoni. Majirani walikuwa wananisubiri, punje vidoleni.

"Kweli, mjomba."

Akanisogezea sufuria. Nilikula mbegu zangu mwenyewe, za moto, mbele za watu, na nikasema ni tamu. Aliponisindikiza njiani alisema nilime bonde lote mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, na yule wa Mkotokuyana, yeye mjomba ndiye atakayemjibu.

Dada alikuwa ananingoja mlangoni.

"Amesemaje?"

"Amenipa bonde lote."

"Si unaona?"

Watu waliosikia habari hii wananiambia nimshukuru, na pengine wako sahihi kuhusu ardhi. Lakini mimi nilisimama pale nikiwa na bonde lote na sina punje ya kupanda, na aliyenimaliza ni mtu pekee niliyemfundisha jinsi ya kuchuma. Akaniuliza kama nitakula. Nikamwambia nimeshakula kwa mjomba, nikaingia chumbani kwangu.