Posa Kwenye Theluji

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yote ni ya ubishi. Binti yake ni muuguzi huko Italia kaskazini. Alipopiga simu kusema amepata mchumba Mwitaliano, kaka alimjibu kwamba yeye hana habari ya mchumba, kwa sababu hakuna aliyefika nyumbani kwake Kanazi kumwomba binti. Kwetu baba wa msichana hafungui mazungumzo. Baba wa kijana ndiye anayekuja, anajishusha, anaomba, na asipoomba hapewi. Mimi ni shangazi mtu, mwenye usemi mkubwa ndoa inapopangwa, lakini hata mimi siwezi kuwaombea watu ambao hawajaomba.

Basi wale Waitaliano wakatualika likizo. Kila mwaka huenda na ukoo wao mlimani kuteleza kwenye theluji, mwisho wa msimu, bei zikishashuka, wote kwenye nyumba moja ya kupanga. Kaka akasema haendi, tangu lini upande wa msichana ukaitwa? Mimi niliolewa Buganguzi, lakini kila Jumamosi nilikwenda Kanazi kumsema. Nilimuuliza kama anangoja posa idondoke na mvua. Mwishowe akanichoka, akaenda kuomba pasipoti.

Siku tuliyofika, binti alinivuta jikoni. Kumbe hakuwa amewaambia chochote. Mchumba alijua tu kwamba mzee ni mkali. Binti akaniuliza, angewezaje kumwambia baba mkwe nenda ukaniombe, si ndiyo kujiposa mwenyewe? Na bila neno la baba yake, alisema, hafungi ndoa, potelea mbali. Alikuwa anamenya viazi, machozi yanadondoka kwenye maganda.

"Tuna siku sita tu, shangazi," akasema.

Mji wenyewe haukuwa wa matajiri, na hilo lilinipendeza. Walipika makaroni kwenye sufuria kubwa kama ya msibani, mchana walikula mikate waliyobeba mifukoni, na viatu tulivyokodi vilikuwa vimeshavaliwa na nusu ya nchi. Siku ya pili nikafungiwa zile mbao za kutelezea miguuni. Nina miaka sitini na mitatu, nimeteleza kwenye tope la masika na mkungu wa ndizi kichwani, nikadhani kuteleza nakujua. Mawe! Nilishuka kinyumenyume, nikapita katikati ya darasa la watoto wadogo, nikaishia kwenye wavu. Mama wa kijana alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tukawa marafiki, na jioni alikula senene wangu bila kuuliza ni mdudu gani.

Kaka yeye alikaa kwenye benchi nje ya mgahawa, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Baba wa kijana, dereva wa basi mstaafu, kichwa kimejaa mvi, alikuja kila siku kukaa naye, binti akitafsiri. Yule mzee alipenda kuongea. Kila alipokohoa, kaka alijiweka sawa na kukunja mikono mapajani, akidhani sasa ndiyo inakuja. Haikuja. Mzee aliongea juu ya theluji, juu ya mpira, juu ya goti lake la kushoto. Binti alitafsiri habari za goti neno kwa neno.

Siku ya tano uvumilivu uliniisha. Nikamwambia kaka aseme tu, wale watu hawajui mila zetu, watajuaje? Akanijibu kwamba ni afadhali arudi kama alivyokuja kuliko kumtembeza binti yake kama ndizi za mnadani. Nilimkasirikia kwelikweli. Usoni mwa yule mtoto sikuweza kutazama.

Siku ya mwisho mzee akaja na jozi ya viatu vya kutelezea, akasema mgeni haondoki bila kushuka hata mara moja, angalau kwenye kilima cha watoto. Kaka akakubali, nadhani kwa kuchoshwa na benchi. Sasa viatu vile ni vigumu, vya plastiki, vina vifungo vya chuma, na mgongo wa kaka umekwisha kwa kupalilia kahawa. Hakuweza kuinama. Mzee alipoona anahangaika, alipiga magoti kwenye theluji mbele yake, akashika mguu wake, akaanza kufunga kifungo kimoja kimoja, huku akiongea Kiitaliano chake.

Niliuona uso wa kaka ukibadilika. Kwetu mwanamume mzima hupiga magoti mahali pawili tu: kanisani, na mbele ya mzazi anayemwomba binti. Binti alikuwa amesimama pembeni na fimbo za kutelezea mkononi. Naye akaliona, akaacha kutafsiri.

Kaka akavua kofia. Akaweka mkono begani mwa yule mzee.

"Mwambie ainuke," akasema. "Nimesikia. Nimewapa."

Binti hakutafsiri. Alizitupa zile fimbo, akamwangukia baba yake shingoni, akalia kama mtoto. Mzee alibaki kwenye magoti, ananitazama mimi nimweleze. Kiitaliano sina, kwa hiyo nikamwinua na kumkumbatia kwa nguvu. Alipokuja kuelezwa, alilia na yeye, halafu akataka kujua amefanya nini hasa.

Kwenye ndege sikuweza kunyamaza. Nikamwambia kaka kwamba yule mzee alikuwa anamfunga viatu, wala hakuomba kitu.

"Unadhani sijui viatu?" akasema. "Lakini mtu wa rika langu ameshapiga magoti kwenye baridi ile, nimdai na maneno?"