Nahodha aliyepiga honi msibani

Saa moja asubuhi ukungu bado umeulalia mto, na nahodha wa boti ya watalii anaikagua injini kwa mara ya tatu. Injini haina tatizo lolote. Mwenye tatizo ni yeye, maana tangu jana chakula hakipiti kooni, na chai aliyomiminiwa na mpishi imepoa juu ya sanduku la maboya bila kuguswa.

"Leo naogopa," anakiri, akifuta mikono kwa tambara lenye grisi.

Gatini wanamwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku kiboko alipoibukia ubavuni mwa boti na mpishi akapanda juu ya paa na sufuria yake. Ana miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kwenye usukani wa mto huu. Leo ana wageni kumi na mmoja. Atawaonyesha wanyama asubuhi, kisha, Mungu akipenda, atawafikisha kwenye kijiji kilicho juu ya mto.

Hapo kwenye "Mungu akipenda" ndipo penye shughuli. Kijiji hicho ni ukweni kwake, na ni mwezi wa saba sasa boti yake hairuhusiwi kutia nanga pale.

Safari inaanza vizuri. Mbega wanaruka kutoka tawi hadi tawi na mikia yao myeupe ikiwafuata, na mamba mmoja mkubwa amejilaza kwenye fungu la mchanga, kinywa wazi, kama mtu aliyesinzia kwenye mahubiri. Furukombe anashuka, anapiga maji, anaondoka na samaki wake. Wageni wanapiga picha mpaka vidole viwaume.

Kwenye kidimbwi cha viboko, dume moja linapiga mwayo na mgeni mmoja anauliza kama mnyama huyo amekasirika. Taratibu anajibu, na dada anayewaongoza wageni anatafsiri, kwamba hata yeye angeamshwa asubuhi na watu kumi na mmoja wenye kamera angepiga mwayo. Boti nzima inacheka, isipokuwa aliyetoa mzaha. Yeye anatazama jua.

Kisa chenyewe kinahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana ukikisikia haraka unaweza kucheka, na si cha kuchekwa.

Baina ya boti na kijiji kulikuwa na makubaliano ya siku nyingi. Wanakijiji wakiwa tayari kupokea wageni, walitundika kitambaa cheupe kwenye mti uliosimikwa mahali pa kushukia. Nahodha akikiona, anapiga honi mara tatu kuwajulisha wenyeji kuwa anaingia. Asipokiona, anapita zake. Aliyeyaleta makubaliano hayo alikuwa baba mkwe wake Taratibu, mzee aliyependa watu na aliyependa zaidi kuwauliza wageni maswali kuliko kuulizwa.

Mzee huyo alifariki ghafla. Habari ziliposhuka mjini, mkewe Taratibu, fundi cherehani, aliacha nguo za watu mezani akapanda mtumbwi wa kwanza uliokuwa ukienda juu. Taratibu alikuwa siku ya pili mtoni na wageni, huko kwenye vijito vya msituni ambako simu ni pambo tu. Mkewe aliacha salamu kila mahali ili aambiwe. Salamu zikamfuata, zikamkosa.

Kijijini nako wanawake walifua shuka za kitanda cha marehemu, wakazianika palipokuwa karibu. Moja, nyeupe, ikatundikwa kwenye ule mti. Nani angekumbuka mambo ya boti siku kama ile?

Taratibu akatokea kwenye kona ya mto, akaiona nyeupe inapepea, akafurahi. Akapiga honi tatu. Halafu, kama ilivyokuwa kawaida yake ya kumtania mkwewe, akashika kipaza sauti.

"Nikasema, wenyeji mpo? Wageni wenu tumefika, ngoma zianze," anasimulia. "Nilisema hivyo. Kwa kipaza sauti."

Mkewe alikuwa ameketi mkekani na waombolezaji. Anasema aliitambua honi kabla hata hajaisikia sauti ya mumewe, akatamani ardhi ipasuke immeze. Wageni walikwisha kushuka, wengine wanacheka, kamera shingoni. Waliingia uani moja kwa moja, wakakuta watu wamekaa chini kimya. Taratibu alikuwa nyuma yao na kofia yake ya unahodha. Alipomwona mkewe kajifunga kanga kichwani, katikati ya wanawake, ndipo alipojua nani amefariki.

Hakuna aliyempigia kelele, na anasema afadhali wangempigia. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia awarudishe watu wake botini. Ilimbidi awarudishe hadi mjini, maana hawakuwa na mtu mwingine wa kuwapeleka. Aliporejea kesho yake kwa mtumbwi, mazishi yalikuwa yamekwisha. Alisimama mlangoni kwa mama mkwe wake akasema shikamoo. Hakuitikiwa.

Alirudi mara tatu katika miezi iliyofuata, na mara zote shikamoo yake iliishia mlangoni. Kaburini hakuwahi kufika, kwa kuwa njia ya kwenda huko inapita uani kwa mama huyo, na mkwe haingii ua wa mkwe bila kukaribishwa. Nyumbani mkewe hakumnunia, lakini kila alipokwenda kumwona mama yake alikwenda peke yake, na Taratibu alibaki akisikiliza cherehani isiyolia.

Kazi nayo ikayumba. Wageni wengi walikuwa wakija kwa ajili ya kijiji. Wanyama hata vijito vingine vinao. Mwenye boti alikata mshahara nusu, kisha akasema wazi kwamba kijiji kisipofungua mlango kabla ya mvua, boti itavutwa nchi kavu. Taratibu anasema hilo lilimuuma, ila si lililomnyima usingizi.

"Kazi nyingine ningepata. Mama mkwe mwingine ningempata wapi?"

Wiki iliyopita wazee walituma neno. Alete wageni, lakini asiguse honi. Asimame kwenye kona, azime injini, asubiri mtu aje na mtumbwi kuwachukua. Jua likipita utosini pasipo mtu kuja, ageuze na asirudi tena. Vitambaa havitumiki tena.

Basi sasa boti imefungwa kwenye mzizi pale konani, injini kimya. Dada mwongozaji amewaeleza wageni ukweli wote bila kuupaka sukari. Mama mmoja wa makamo amevua kofia na kuitia kamera yake mkobani, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Mpishi ameacha hata kuosha vyombo ili visigongane.

Jua linapanda. Taratibu amesimama na mkono kwenye usukani ambao hauendi popote. Dada anamsogezea maji, hanywi. Kivuli cha paa la boti kinazidi kufupika, na mgeni mmoja anaanza kutazama saa yake, kisha anaona haya anashusha mkono.

Ndipo mtumbwi unapotokea nyuma ya matete. Mwanamke mmoja anapiga kasia, na mbele yake, mgongo wima, ameketi mama mwenye mvi aliyejifunga kanga mbili. Taratibu anavua kofia. Ni mama mkwe wake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Mtumbwi unagusa ubavu wa boti.

"Marahaba, baba," anaitikia mama. Anamtazama juu hadi chini. "Mbona umekonda hivyo? Washushe wageni, watu wanawasubiri tangu asubuhi."

Nahodha ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia anageuka haraka kuelekea nyuma ya boti, na kwa muda mrefu anashughulika na kamba ambayo imekwisha kufungwa. Mpishi anamwacha. Yeye mwenyewe anajifuta macho kwa aproni na kusema ni moshi, ingawa jiko limezimwa tangu asubuhi.

Mchana huo wageni wanaketi mikekani, wanaonyeshwa namna ya kusuka mitego ya samaki, wanauliza na wao wanaulizwa. Mama mkwe hasiti kuzungumza. Anasema alijua tangu siku ya kwanza kuwa mkwewe hakukusudia, ila hasira haiulizi mtu alikusudia nini. "Ilibidi inipungue yenyewe," anasema. "Na marehemu alimpenda sana huyu. Angenicheka kwa kumnunia muda wote huu."

Jioni, boti ikirudi mjini na mto ukienda nayo, Taratibu anakula kwa mara ya kwanza tangu jana. Anakula sahani mbili, na mpishi anamuuliza kama anataka na sufuria.

Wiki ijayo ana mapumziko ya siku tano. Atakwenda kijijini na mkewe kwa mtumbwi, bila kofia. Kabla hajaondoka leo, mama mkwe alimwita pembeni, akampitisha uani hadi kaburini. Udongo umetitia na mvua ziko karibu.

"Wapwa zake marehemu walijitolea kulijazia," anasema Taratibu, macho yake mbele mtoni. "Mama akawakataza. Akawaambia waache, mwenye kazi yake yupo."